Katuni
Katuni, au kibonzo kama wasemavyo wengi Tanzania, huwa na sura mbili. Gazetini ni mchoro mmoja wa kejeli. Kwenye sinema ni maelfu ya michoro inayopita upesi, picha 24 kwa sekunde, hata jicho likaamini kwamba paka anakimbia kweli.

Sura hii ya pili ilistawi Marekani katika filamu fupi za vichekesho, za dakika saba hivi, zilizoonyeshwa kabla ya filamu kuu. Mojawapo ya hizo, Tom and Jerry, ilianzishwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM mwaka 1940; mwanzoni paka Tom aliitwa Jasper. Hadi 1958 wawili hao walikuwa wametoa filamu 114, na saba kati yake zilipata tuzo ya Oscar. Maneno humo ni haba, na ndiyo maana hazihitaji mkalimani. Msimulizi ni muziki wa Scott Bradley: paka akinyata, fidla hunyata naye, akipigwa kikaango, ala zote hulipuka. Lile yowe la Tom akibanwa mkia ni sauti ya Hanna mwenyewe.