Bustani ya Jeevanjee: ardhi ya umma na wanaoiulizia

Katikati ya Nairobi, kati ya Moi Avenue na mtaa wa Muindi Mbingu, kuna bustani ya ekari zipatazo 5 ambayo kwa bei za ardhi za jiji hilo ingekuwa imegeuka ghorofa zamani. Saa saba mchana hujaa watu. Mhubiri anapaza sauti chini ya mti, vijana wanaozunguka na vyeti vyao kutafuta kazi wamejilaza kwenye nyasi, makarani ambao hela ya hotelini imewaishia wamekaa wakisubiri saa nane, na pembeni duara la wanaume linabishana kuhusu siasa. Hakuna anayelipa kiingilio. Wengi huiona bustani hii kama bahati, au kama ukarimu wa serikali. Historia yake inasema vingine: iko pale kwa sababu mamlaka za jiji zilipotaka kuitoa, walikuwepo watu waliojua ilivyopatikana na wakauliza hadharani kabla ya ujenzi kuanza. Hoja yangu ni kwamba hatimiliki peke yake haijawahi kuilinda ardhi ya umma nchini Kenya. Kilichoilinda, pale ilipolindwa, ni kumbukumbu iliyo mikononi mwa wananchi pamoja na maswali yaliyoulizwa mapema.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890, na akatajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, akileta vibarua na kuwauzia wajenzi chakula na vifaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, ambalo baada ya kuuzwa likawa East African Standard. Nairobi, iliyokuwa kambi ya reli mwaka 1899, ilimkuta na fedha mkononi. Akajenga soko na majengo ya biashara, na bustani hii akaitoa kwa ajili ya watu wa mji. Mwaka 1906 Duke wa Connaught alikuja kuzindua humo sanamu ya mama yake, Malkia Victoria, ambayo nayo ilikuwa zawadi ya Jeevanjee. Mtu huyuhuyu, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1909 akiwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu, alitumia miaka mingi kupinga sera iliyowatengea Wazungu nyanda za juu. Si lazima tumfanye mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara aliyenufaika na mfumo wa kikoloni, na sanamu ya malkia haikuwekwa pale kwa mapenzi ya Wakikuyu au Wamaasai ambao malisho na mashamba yao yalikuwa yameshachukuliwa. Lakini tendo la kutoa lilikuwa na matokeo ambayo hata yeye pengine hakuyakadiria: liliacha nyuma yake kauli inayojulikana kuhusu nani anastahili kukitumia kipande hicho cha ardhi. Viwanja vingi vya umma Nairobi havikuwa na kauli kama hiyo.

Tangu hapo mamlaka ya jiji iliishika bustani kama mdhamini. Neno hilo ndilo kiini cha ugomvi wote uliofuata, kwa kuwa mdhamini hushika mali kwa niaba ya mwingine, naye hana ruhusa ya kuifanya yake kwa kuwa tu funguo ziko kwake. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuweka tume ya watu walioteuliwa, na kwa karibu miaka 10 jiji halikuwa na madiwani waliochaguliwa. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1991, ndipo ulipotokea mpango wa kuigeuza bustani kuwa jengo la ghorofa la maegesho ya magari na maduka. Nauweka mpango huo katika fungu moja na mauzo ya ardhi ya umma bila kusita, hata kama mipango ya aina hii hupewa jina la uendelezaji. Ardhi ikishapewa mwekezaji aijengee zege na kukusanya kodi kwa miongo kadhaa, mwananchi ameipoteza sawa na ambaye kiwanja chake kimeuzwa kwa hati, na mara nyingi amepoteza bila hata bei kutangazwa.

Waliopinga waliongozwa na Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya babu yake. Haukuwa wakati mzuri wa kupinga. Miaka 2 tu nyuma, Wangari Maathai alikuwa amekwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na mahakama ikaitupa kesi yake kwa maelezo kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, eti hakuonyesha madhara yanayomhusu yeye binafsi kuliko raia mwingine. Kwa maneno mengine, mali ikiwa ya wote, hakuna mmoja aliyeruhusiwa kuitetea. Bustani ya umma ikawa haina mwenyewe mbele ya hakimu. Bungeni Maathai alikejeliwa, lakini barua alizoandika serikalini na kwa wafadhili wa nje ziliwafanya wenye fedha waogope, na jengo lile halikujengwa. Watetezi wa Jeevanjee walijifunza kutokana na hilo. Hawakusubiri kesi, walilipeleka jambo kwa umma na magazetini, na swali lao likawa jepesi kueleweka na yeyote anayepita mjini: zawadi iliyotolewa kwa watu wa Nairobi, tume isiyochaguliwa na watu hao inapata wapi mamlaka ya kuitoa tena? Swali halikupata jibu, na mpango ukaachwa. Miaka ya 2000 wazo la kuijenga bustani liliporudi tena, upinzani nao ulirudi ukiwa na hoja zilezile, safari hii bila kulazimika kuanza kutafuta ushahidi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na miaka iliyofuata Nairobi ilitoa ushahidi wa kutosha. Tume ya Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti mwaka 2004, ilikadiria kwamba hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Inafaa kutazama jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, maana haikuhitaji mtutu wa bunduki. Sheria ilitaka viwanja vya mjini vitangazwe na kunadiwa. Badala yake mtu mwenye jamaa serikalini alipata barua ya mgao, kipande cha karatasi kinachosema amepewa ploti namba fulani kwa masharti fulani. Barua hiyo, ambayo kisheria haikuwa umiliki, iliuzwa hata kabla masharti yake hayajatimizwa. Aliyenunua akaipeleka ofisi ya ardhi, akatoka na hati, na mara nyingine mnunuzi wa mwisho akawa shirika la umma, kwa mfano Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Yaani akiba ya mfanyakazi ilitumika kununua ardhi ambayo tayari ilikuwa ya mfanyakazi huyo kama raia. Ripoti ilizitaja pia halmashauri za miji, zilizopaswa kuwa walinzi wa viwanja vya wakazi, na zikaonekana kuwa miongoni mwa wagawaji wakubwa. Nyumba za halmashauri, vyoo vya umma, viwanja vya michezo na hifadhi za barabara viliondoka kwa mtindo huo. Wakazi walikuja kujua siku ukuta ulipoanza kujengwa.

Tofauti kati ya kuuliza mapema na kuuliza baadaye inaonekana wazi tukishuka pwani. Nyali, Mombasa, palikuwa na eneo lililoachwa wazi katika mpango wa mji, kandokando ya ufuo. Mwaka 1989 lilimilikishwa rais wa wakati huo, kisha likauzwa kwa kampuni moja, na kampuni hiyo ikaiuzia kampuni nyingine, Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kufika baharini, na Dina ikaenda mahakamani ikiwa na hati iliyosajiliwa. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 21 Aprili 2023 kwamba hati ile haingeweza kuilinda, kwa kuwa eneo lilikuwa limetengwa kwa matumizi ya umma na utaratibu wa kuligawa haukufuatwa. Hivyo hata aliyenunua kwa nia njema hakuwa na kitu halali cha kununua. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, na inakwenda sambamba na ibara ya 40 ya Katiba ya 2010, inayokataa kuilinda mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Wapo wanaosema inatikisa imani ya soko la ardhi, kwamba hakuna atakayenunua kiwanja ikiwa hati si neno la mwisho. Hofu hiyo nisingeidharau, kwa sababu mkopo wa benki na nyumba ya mtu wa kawaida vinasimama juu ya karatasi hiyohiyo. Lakini tuhesabu: kutoka 1989 hadi 2023 ni miaka 34, na ndani ya miaka hiyo eneo lilibadilisha mikono na fedha zikalipwa. Kama mgao ule ungetangazwa na kujadiliwa hadharani wakati huo, kusingekuwa na mnunuzi wa kuumia. Uchunguzi wa umma unaofanyika kabla ya mkataba unamlinda mnunuzi mwaminifu kuliko hati yoyote.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Jiji linadaiwa, taka hazizolewi, na bustani haiingizi kitu. Kwa nini lisiuze rasilimali moja likatengeneza nyingine? Kama swali la hesabu, ni la haki, nami sisemi kila kipande cha ardhi ya umma kibaki kama kilivyo milele. Shule, zahanati na soko navyo vinahitaji pa kujengwa. Tatizo la kwanza ni kwamba Nairobi hesabu hiyo haikuwahi kuletwa mezani. Ardhi iliyotolewa kwa barua za mgao ililipiwa ada ndogo mno ikilinganishwa na bei yake sokoni, na tofauti ikabaki kwa dalali wa kwanza, wala haikuzoa taka. Pili, jiji lililokuwa na watu chini ya 120,000 mwaka 1948 lilikuwa na karibu milioni 4.4 katika sensa ya 2019. Mahitaji ya nafasi wazi yanaongezeka kila mwaka, na hakuna bajeti ya kaunti itakayoweza kununua tena ekari 5 katikati ya mji. Halmashauri inayotaka kuuza inapaswa kuonyesha thamani, mnunuzi, sababu, na kitakachofanywa na fedha. Mradi wenye nia safi haufi kwa kuulizwa maswali hayo manne.

Lipo pingamizi jingine ambalo watetezi wa bustani hulikwepa. Mwaka 1990, mwaka mmoja tu kabla ya mzozo wa Jeevanjee, tume hiyohiyo ya jiji ilibomoa vibanda vya Muoroto, na watu maskini wakatimuliwa kwa hoja kwamba walikuwa juu ya ardhi isiyo yao. Hawakuwa na babu aliyeacha jina wala mjukuu wa kuandika magazetini. Uchunguzi wa umma, basi, unaweza kuwa silaha ya waliosoma, ukaokoa miti na kuwaacha watu. Hilo ni kweli, na linaonyesha uchunguzi huo ulivyokuwa mfinyu. Halionyeshi kwamba haufai. Jeevanjee yenyewe ilikuja kuwa mahali pa kuupanua. Humo ndimo Bunge la Mwananchi lilimokutana miaka mingi, wachuuzi, wasio na kazi na wanafunzi wakijadili bajeti na ufisadi bila kadi ya mwaliko. Na Januari 2015 walioangusha ukuta uliozingira uwanja wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuwa pamoja na watoto wa shule hiyo, wakiwa na sare zao, na polisi wakawafyatulia mabomu ya machozi. Uwanja ulirudi shuleni. Lakini haikupasa iwe kazi ya mtoto.

Leo mlango wa mahakama aliofungiwa Maathai mwaka 1989 uko wazi kwa maandishi. Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kwa maslahi ya umma, ibara ya 62 inasema ardhi ya umma itatolewa kwa sheria ya Bunge tu, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mkazi kuwasilisha ombi rasmi. Kinachokosekana ni daftari ambalo mkazi wa kawaida anaweza kulifungua. Na haja yake ni kubwa sasa kuliko mwaka 1991, kwa sababu mikataba ya miaka 99 iliyotolewa enzi za ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru inafikia mwisho mmoja baada ya mwingine. Mkataba ukiisha, ardhi hurudi kwa umma, na aliyekuwa nayo hupewa nafasi ya kwanza ya kuomba upya. Kila uamuzi wa kumwongezea muda ni ugawaji wa ardhi ya umma, wenye thamani ya mamilioni, na unaweza kumalizika ofisini bila jirani kujua kwamba kulikuwa na jambo la kuamuliwa. Orodha ya mikataba hiyo, pamoja na tarehe za kuisha na majina ya waombaji, ibandikwe katika kila ofisi ya wadi kabla ya sahihi ya kwanza kutiwa.