Simfoni ya Leningrad: Muziki uliopigwa na wenye njaa

AGOSTI 9, 1942, wakazi wa Leningrad, mji wa Urusi uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani kwa miezi kumi na mmoja, walivaa nguo zao nzuri, ambazo sasa ziliwapwaya, wakaenda kusikiliza muziki. Ukumbi mkuu wa mji huo ulifurika. Jukwaani waliketi wanamuziki wenye mashavu yaliyobonyea, na mbele yao kulikuwa na nota za utungo uliohitaji zaidi ya saa moja kuupiga: Simfoni ya Saba ya Dmitri Shostakovich.

Simfoni ni utungo mrefu wa okestra ambao kwa kawaida hugawanywa katika sehemu nne, na aghalabu hauna maneno ya kuimbwa. Joseph Haydn (1732-1809), ambaye wengi humwita baba wa simfoni, alitunga zaidi ya 100. Ludwig van Beethoven alitunga tisa pekee, lakini kila moja ikawa tukio, na katika ile ya mwisho, iliyopigwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1824, aliingiza kwaya. Waliomfuata walimwogopa. Johannes Brahms hakuthubutu kutoa simfoni yake ya kwanza hadi mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 43.

Mambo mawili huutofautisha muziki huu na ule tuliouzoea. Kwanza, hauwezi kupigwa na mtu mmoja wala watano; huhitaji watu hamsini, themanini au mia, wanaokubali kusikilizana. Vijana wa Korogocho, Nairobi, wanaofunzwa fidla na tarumbeta wanalijua hilo, na vilevile wanajua wanamuziki wa okestra ya Kanisa la Kimbangu iliyoanzishwa mjini Kinshasa mwaka 1994. Pili, tofauti na taarab au wimbo wa kanisani, ambamo maneno hubeba ujumbe, simfoni haimwambii msikilizaji inazungumzia nini. Hujiamulia mwenyewe. Kwa Shostakovich, kimya hicho kilikuwa kinga ya maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1906 katika mji huohuo, ambao leo unaitwa tena St Petersburg. Mnamo Januari 1936, siku chache baada ya Stalin kuitazama opera yake, Lady Macbeth of Mtsensk, gazeti la chama tawala, Pravda, lilichapisha makala ya kuishambulia vikali. Zama hizo shutuma za gazeti hilo hazikuwa jambo la mzaha. Katika miaka iliyofuata baadhi ya jamaa na marafiki wa mtunzi huyo walikamatwa, wengine wakauawa. Aliiondoa Simfoni yake ya Nne ikiwa tayari inafanyiwa mazoezi, na haikusikika hadharani hadi mwaka 1961. Ile ya Tano, iliyopigwa Leningrad mwaka 1937, ilimrudisha katika neema ya wakubwa, ilhali wasikilizaji wengine waliisikia kama kilio, wakalia nayo.

Wajerumani waliposhambulia mwaka 1941, Shostakovich alijitolea kuwa mzimamoto. Kati ya Julai na Septemba, mabomu yakianguka, aliandika sehemu tatu za kwanza za Simfoni ya Saba. Kisha serikali ikamhamisha pamoja na familia yake, na Desemba 1941 akaikamilisha katika mji wa Kuibyshev, ambao sasa ni Samara. Huko ndiko ilikopigwa mara ya kwanza Machi 5, 1942.

Nota zake zilipigwa picha kwenye maikrofilamu, zikasafirishwa kupitia Tehran na Cairo hadi nchi za Magharibi. London iliisikia Juni 1942, na Julai 19 Arturo Toscanini akaiongoza katika redio mjini New York. Jarida la Time lilimchora mtunzi kwenye jalada lake akiwa na kofia ya chuma ya mzimamoto.

Leningrad kwenyewe mambo yalikuwa mengine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1941, mgao wa mkate kwa wengi ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe ulichanganywa na vitu visivyoliwa. Mamia ya maelfu ya watu walikufa, wengi wao kwa njaa. Okestra kubwa ya mji, chini ya Yevgeny Mravinsky, ilikuwa imehamishiwa Siberia. Iliyobaki ni ile ya redio, iliyoongozwa na Karl Eliasberg. Alipoita mazoezi, wanamuziki walioweza kufika walikuwa takriban kumi na watano. Simfoni iliwahitaji kama mia moja, wakiwemo wapiga tarumbeta sita na tromboni sita, ala ambazo aliyeshinda na njaa hana pumzi za kuzipuliza. Mazoezi ya kwanza yalivunjika baada ya muda mfupi.

Mpuliza obo mmoja, ala ambayo ni jamaa ya nzumari ya pwani yetu, alipeleka chombo chake kutengenezwa. Fundi akamwambia hataki fedha, alipwe paka. Alikuwa amekwisha kula watano.

Jeshi liliombwa kuwatoa vitani askari waliojua kupiga ala, na wanamuziki wakaongezewa chakula. Eliasberg, ambaye mwenyewe alikuwa amedhoofika mno, hakuwa na huruma. Husimuliwa kwamba mmoja wao alichelewa kwa kuwa alikuwa akimzika mkewe, naye akaukataa udhuru huo.

Siku ya onyesho, Jenerali Leonid Govorov aliamuru mizinga iyapige maeneo ya adui mapema ili mizinga ya Wajerumani inyamaze. Muziki ulirushwa redioni na kupitia vipaza sauti barabarani, hata upande wa pili wa mstari wa vita ukasikika.

Sehemu ya kwanza ndiyo mashuhuri zaidi. Ngoma ndogo ya kijeshi inaanza kwa sauti ya chini sana, kisha unaingia wimbo mwepesi, wa kipuuzi kidogo, unaorudiwa mara kumi na mbili, kila mara ala zikiongezeka, hadi kinachosikika si wimbo tena bali kishindo. Sehemu ya mwisho, kwa maoni ya mwandishi huyu aliyezoea kufupisha habari ndefu, ingeweza kupunguzwa. Wahakiki waliosema hivyo mwaka 1942 hawakuwa wametoka patupu.

Je, kishindo hicho ni cha nani? Serikali ilisema ni majeshi ya Hitler. Mwaka 1979, miaka minne baada ya mtunzi kufariki, kilichapishwa Marekani kitabu cha Solomon Volkov kilichodai kwamba Shostakovich aliwalilia pia waliouawa na Stalin. Wasomi wangali wanabishana iwapo maneno hayo kweli ni yake. Nota zenyewe hazitoi ushahidi kwa upande wowote, na pengine ndiyo sababu simfoni hii imeishi kuliko wote wawili, Hitler na Stalin: mwenye msiba wowote anaweza kuingia nao humo.

Mzingiro ulimalizika Januari 27, 1944. Mravinsky alirejea na okestra yake, na jina la Eliasberg likafifia. Miaka ishirini kamili baadaye, Januari 27, 1964, wanamuziki waliokuwa bado hai walikusanyika katika ukumbi uleule, wakaipiga tena simfoni ile mbele ya Shostakovich. Aliyewaongoza alikuwa Eliasberg.