Picha Ikitangulia Habari

Msikilizaji, mwezi Julai mwaka 1975, wakati wakuu wa nchi za OAU walipokuwa wakikutana Kampala, Idi Amin alipigwa picha akiwa ameketi kwenye kiti kilichobebwa mabegani na wanaume wa Kizungu, wafanyabiashara waliokuwa wakiishi Uganda. Picha ile aliitaka mwenyewe. Kwake maana ilikuwa nyepesi: babu zetu walimbeba Mzungu kwa machela kutoka pwani hadi bara, sasa zamu imegeuka. Lakini picha ileile, bila kuongezwa nukta wala kupunguzwa, ilipofika kwenye magazeti ya Ulaya ilisomwa vingine kabisa. Ikawa kichekesho cha mtu mnene mwenye medali nyingi.

Mwalimu Nyerere hakwenda kwenye mkutano ule. Kaunda wa Zambia na Seretse Khama wa Botswana nao walisusa. Walijua kwamba nyuma ya kicheko kuna maiti. Wasomaji wengi wa nje walibaki na picha, na mtu unayemcheka ni vigumu kumwogopa. Sisi Watanzania tulikutana na kichekesho hicho mkoani Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, daraja la Kyaka likiwa limevunjwa na watu wa kule wakikimbia na watoto mgongoni.

Nimeanza mbali hivyo kwa sababu kila mara nasikia ikisemwa kwamba picha haidanganyi. Tukubali kwa leo kwamba haidanganyi. Lakini picha huchaguliwa, na anayechagua ana sababu zake. Enzi za filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Mpiga picha alirudi kutoka mkutanoni na mikanda miwili au mitatu, ikasafishwa, mhariri akapewa karatasi yenye vipicha vidogovidogo, akachukua kalamu ya rangi na kuzungushia kimoja. Zile nyingine mia moja msomaji hakuziona kamwe. Humo mlikuwa na kiongozi anayecheka, anayepangusa jasho, anayekuna sikio, aliyefumba macho. Kamera hufungua na kufunga jicho lake kwa sehemu ya 125 ya sekunde, na binadamu akipepesa macho huchukua muda mrefu kuliko huo mara nyingi. Kwa hiyo kiongozi aliye macho kabisa anaweza kulazwa usingizi na mashine, na mhariri akaupenda usingizi huo.

Kwetu mambo hayakuanza kwa dhihaka, yalianza kwa heshima. Mnaifahamu picha ya Mwalimu akiwa amebebwa juu juu na wananchi, bango mkononi likidai uhuru kamili mwaka 1961. Mara nyingi huchapwa mwezi Desemba, na msomaji hudhani ni picha ya siku ya uhuru wenyewe. Ni ya mwezi Machi mwaka ule, baada ya mazungumzo ya katiba yaliyofanyika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, na kuhudhuriwa na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod. Hakuna aliyeumia kwa kosa hilo. Lakini ona jinsi picha inavyoweza kuhamishwa miezi tisa na taifa zima lisishtuke.

Baada ya hapo ikaja enzi ya chama kimoja. Gazeti la The Standard lilitaifishwa mwezi Februari 1970, na tangu hapo magazeti makubwa ya kila siku yakawa ya Serikali au ya chama. Ukifungua majalada ya Uhuru na Daily News ya miaka hiyo utawaona viongozi wakipokewa uwanjani, wakikata utepe, wakipanda miti, wakikagua gwaride. Kwa miaka ishirini na zaidi ni vigumu kumkuta waziri anayepiga miayo. Nao huo ni upotoshaji, ila ni wa upande wa pili. Watu walikuwa kwenye foleni za sabuni na unga, na ukurasani kiongozi alikuwa na suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, magazeti binafsi yakamiminika, yakaja na hamu ya miaka yote ile. Mwaka 1995 gari la Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi lilisukumwa kwa mikono na wafuasi wake, na picha za umati ule zikawa ndiyo kampeni yenyewe. Mpiga picha akiinama mbele ya watu mia mbili waliobanana, msomaji huona bahari. Akipanda juu ya paa, huona uwanja mtupu. Kura zilipohesabiwa Mrema alipata asilimia 27.8, na Benjamin Mkapa wa CCM asilimia 61.8. Wapo waliokataa matokeo yale kwa hoja nzito, kwani uchaguzi wenyewe ulikuwa na kasoro nyingi. Lakini wapo pia ambao hoja yao pekee ilikuwa picha waliyoikata gazetini.

Kisha tukaingia katika msimu mrefu wa picha za usingizi bungeni. Stephen Wasira alipokuwa waziri, picha zake akiwa ameinamisha kichwa zilisambaa mpaka jina lake likawa la kutania mtu anayesinzia. Inawezekana alisinzia, vikao vya bajeti ni virefu, na joto la Dodoma baada ya chakula cha mchana mnalijua. Ila ukimuuliza anayecheka bwana yule alikuwa waziri wa nini na alisema nini juu ya wizara yake, hajui. Waingereza nao walimfanyia hivyo Ed Miliband, kiongozi wa chama cha Labour. Alipigwa picha mwezi Mei 2014 akila mkate wenye nyama ya nguruwe, mdomo umekunjamana kama wa yeyote anayeuma mkate. Gazeti la The Sun liliihifadhi, likaichapa ukurasa mzima wa mbele mwaka uliofuata, siku moja kabla ya kupiga kura.

Dhihaka ya usingizi ilipozidi hapa kwetu, dawa iliyokuja ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Mwezi Januari 2016 Serikali ilitangaza kuwa televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, ikitaja gharama. Picha za ndani zikawa zinatoka studio ya Bunge lenyewe. Maana yake ni kwamba kalamu ile ya rangi ilihamishwa kutoka meza ya mhariri kwenda kwa yule anayepigwa picha.

Hapa naomba niwakumbushe ninyi mnaonunua gazeti mjini kwamba mna bahati ya kulifungua. Kwetu Mdandu, enzi Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, gazeti lilishushwa na basi pale njia panda ya Makambako, likapanda mkononi mwa msafiri, likafika limechelewa na limepungua kurasa. Na pale Makambako penyewe, wanaosoma kwa kusimama mbele ya meza ya muuzaji siku zote ni wengi kuliko wanaotoa hela. Kwao gazeti ni picha na kichwa cha habari, basi. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akitazama sura ya waziri aliyeinama chini ya maandishi mekundu yaliyohusu wizi, akamuuliza muuzaji, "Mwanangu, huyu naye wamemfunga?" Kijana akamjibu, "Hapana, babu. Hapo anasaini kitabu cha wageni. Wizi ni habari nyingine." Mzee akatikisa kichwa, akaenda kupanda basi la Songea. Kule alikoshuka, sijui aliwaambia nini watu wa nyumbani.

Kwa hiyo siwalaumu wenye mamlaka wanapoiogopa picha. Naangalia wanachofanya baada ya kuogopa. Mwezi Septemba 2013 gazeti la Mwananchi lilifungiwa siku 14, na moja ya sababu ilikuwa picha ya mbwa wa polisi iliyoambatana na habari ya Waislamu kusali chini ya ulinzi. Serikali ilisema polisi hawakupeleka mbwa kwenye nyumba za ibada. Malalamiko ya namna hiyo yanajibika: picha ilipigwa wapi, lini, na maelezo ya chini yake yalisemaje.

Kesi ya Mawio ni nzito zaidi. Mwezi Juni 2017 nchi nzima ilikuwa ikizungumza makinikia. Tarehe 12 kamati ya Profesa Osoro ilikabidhi ripoti yake Ikulu, na tarehe 14 Rais Magufuli akaonya vyombo vya habari viache kuwachafua marais wastaafu. Kesho yake, Alhamisi, Mawio likatoka na picha za Mkapa na Kikwete ukurasa wa mbele, likiwahusisha na mikataba ya madini ya vipindi vyao. Siku hiyohiyo Waziri Harrison Mwakyembe akalifungia kwa miezi 24.

Nitasema ninavyoona. Sura mbili chini ya neno "mikataba" ni hukumu kwa mzee wa Makambako, hata kama ndani kurasa zimejaa maswali ya haki. Mhariri alilijua hilo alipozichagua. Lakini mikataba ilisainiwa chini ya serikali zilizokuwa na wakuu, na wakuu hao wana sura. Ungeweka picha gani hapo, ya mgodi? Gazeti lingeweza kutakiwa litoe nafasi ya majibu, ukubwa uleule, ukurasa uleule. Mkapa angelijibu vizuri kuliko mwanasheria yeyote, kwa kuwa kabla ya siasa alikuwa mhariri wa The Nationalist, kisha Uhuru na Daily News. Alijua kalamu ya rangi inavyotembea. Wabunge wanaosinzia walichapwa miaka na miaka na hakuna gazeti lililofungwa kwa ajili ya usingizi wao. Sura mbili za waliowahi kukaa Ikulu ziligharimu miaka miwili.

Na haikuwa miwili. Adhabu iliisha kwa hesabu ya kalenda Juni 2019. Leseni ya Mawio ilirudishwa Februari 2022, pamoja na za Mwanahalisi, Mseto na Tanzania Daima. Mkapa alikuwa amekwisha kufariki Julai 2020, na Magufuli Machi 2021.