Bei ya Gari la Umeme Iliyoandikwa Sacramento

Mei 2013, kampuni ya Tesla ilitangaza faida ya robo mwaka kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe mwaka 2003. Zilikuwa dola milioni 11.2, kiasi kidogo kwa kampuni ya magari, lakini kilitosha kuwanyamazisha kwa muda waliokuwa wakiitabiria kufilisika. Ndani ya hesabu hizo hizo kulikuwa na mapato mengine ambayo hayakupigiwa mbiu: dola milioni 68 za kuuza kitu kisicho na matairi wala usukani. Tesla ilikuwa imewauzia watengenezaji wenzake alama za hewa safi, ambazo sheria ya jimbo la California iliwalazimisha kuwa nazo. Ziondoe alama hizo, na faida ile ya kwanza inageuka hasara ya mamilioni.

Ugomvi juu ya fedha hizo haujaisha hadi leo. Wapo wanaosema Tesla ilibebwa na serikali, wapo wanaosema ilijijenga kwa jasho lake. Naona pande zote mbili zinalikwepa jambo kubwa zaidi. Katika biashara hii serikali haikuja baadaye kumsaidia mfanyabiashara aliyekwama. Ilikuwamo ndani ya bei tangu mwanzo, na kampuni zilizofaulu ni zile zilizojua kuisoma sheria kifungu kwa kifungu kabla ya kubandika bei kwenye kioo cha gari.

Mwanzo wenyewe ni Septemba 1990. Los Angeles ilikuwa imezoea siku ambazo wanafunzi huzuiwa kucheza nje kwa sababu ya ukungu wa moshi, na California ina mamlaka ambayo majimbo mengine ya Marekani hayana: kwa ruhusa ya serikali kuu, inaweza kujiwekea masharti yake ya moshi wa magari, na majimbo mengine yakipenda, huyafuata. Bodi ya Rasilimali za Hewa ya jimbo hilo, yenye makao yake Sacramento, ikatoa amri ambayo haikuwa imewahi kutolewa. Kampuni kubwa zihakikishe kwamba asilimia 2 ya magari mapya zinayouza California hayatoi moshi kabisa ifikapo 1998, asilimia 5 ifikapo 2001, na asilimia 10 ifikapo 2003.

General Motors ndiyo iliyokuwa mbele. Januari mwaka huo huo wa 1990 ilikuwa imeonyesha gari la umeme la majaribio kwenye maonyesho ya Los Angeles, na kutokana na gari hilo ikazaliwa EV1, iliyoingia barabarani Desemba 1996. EV1 haikuuzwa hata moja. Ilikodishwa tu, na kwa jumla yalitengenezwa magari 1,117. Wakati huo huo kampuni za magari zilikuwa zikiishinikiza bodi, na baadaye zikaenda mahakamani. Mwaka 1996 bodi iliyafuta masharti ya miaka ya mwanzo. Mwaka 2003 ikalegeza tena. Ni mwaka huo huo General Motors ilipoyakusanya magari yake na kuanza kuyapondaponda. Mwaka 2005 waliokuwa wakiyaendesha walikesha nje ya yadi ya Burbank, California, wakiomba angalau yaliyobaki wauziwe. Hawakuuziwa.

Wengi huisimulia hadithi ya EV1 kama kifo. Lakini kitu kimoja hakikufa, nacho ni hesabu ya alama. Kila gari lisilotoa moshi lilimpatia mtengenezaji alama kadhaa, kutegemea umbali linaoweza kwenda kabla ya kuchajiwa tena. Mwenye upungufu wa alama alikuwa na njia tatu: atengeneze magari ya umeme, anunue alama kwa mwenye ziada, au alipe faini ya dola 5,000 kwa kila alama inayopungua. Faini hiyo ndiyo iliyozipa alama thamani. Na kwa kuwa kampuni inayotengeneza magari ya umeme matupu haihitaji alama hata moja kwa ajili yake yenyewe, kila alama iliyopata ilikuwa ya kuuza. Tena haina gharama ya kuitengeneza. Gari lina chuma, betri, mishahara na usafiri. Alama ina karatasi. Karibu kila dola yake inashuka moja kwa moja kwenye faida.

Kwa waliokosa alama, sheria hiyo hiyo ilizaa magari ambayo wenyewe hawakutaka yanunuliwe. Fiat ilipeleka California gari dogo la umeme, 500e. Mwaka 2014 Sergio Marchionne, aliyekuwa mkuu wa Fiat Chrysler, alisimama mbele ya hadhira jijini Washington akawaambia wazi kwamba anaomba wasilinunue, kwa sababu kila moja linamtia hasara ya dola 14,000. Hapo pana somo la bei lililo bora kuliko vitabu vingi vya uchumi: gari liliuzwa chini ya gharama yake kwa kuwa kutoliuza kungegharimu haki ya kuuza magari mengine yenye faida. Miaka michache baadaye kampuni hiyo hiyo, ilipobanwa na masharti ya kaboni ya Umoja wa Ulaya, iliingia mkataba na Tesla wa kuhesabiwa pamoja, na ikailipa mamilioni mengi ya euro. Fedha za Fiat zikasaidia kujenga mshindani wa Fiat.

Serikali kuu ya Marekani iliingia kwa nguvu baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Januari 2010 Wizara ya Nishati iliikopesha Tesla dola milioni 465. Mkopo ulilipwa wote Mei 2013, miaka tisa kabla ya muda wake. Kampuni ya Fisker, iliyokopa kwenye mpango huo huo, ilifilisika mwaka huo huo ikiwa imechukua dola milioni 192. Nazitaja zote mbili kwa sababu wanaoupenda mpango ule huitaja ya kwanza tu, na wanaouchukia huitaja ya pili tu.

Lililogusa bei zaidi lilikuwa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme. Bunge liliweka kikomo: kampuni ikishauza magari 200,000, nafuu kwa wateja wake inaanza kupunguzwa hatua kwa hatua. Waliotunga sheria walitaka kuwasaidia wanaoanza, kisha wajitegemee. Kilichotokea ni kwamba aliyetangulia ndiye aliyepoteza nafuu kwanza, huku waliochelewa wakiendelea kuifaidi dhidi yake. Tesla ilifika kikomo Julai 2018, General Motors mwishoni mwa mwaka huo. Januari 1, 2019 nafuu ya wateja wa Tesla ilishuka hadi dola 3,750. Siku iliyofuata kampuni ilipunguza bei ya magari yake yote kwa dola 2,000. Yaani serikali ilipoondoa mkono wake, kampuni ilibeba kidogo zaidi ya nusu ya mzigo na mnunuzi akabeba uliobaki.

Mwaka 2020 Tesla ilipata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza, dola milioni 721. Alama zilizouzwa mwaka huo ziliingiza dola bilioni 1.58. Ni faida hizo zilizoiwezesha kuingizwa Desemba kwenye orodha ya S&P 500, yenye kampuni kubwa za Marekani, ambayo masharti yake hudai robo nne za mwaka zikijumlishwa zionyeshe faida. Sioni sababu ya kuziita fedha hizo wizi. Sheria ilitaka magari yasiyo na moshi, na ikamlipa aliyeyatengeneza. Lakini mtu aseme ukweli ni nani aliyelipa: walikuwa watengenezaji wa magari ya petroli na, kwa sehemu, wateja wao, ambao hawakuandikiwa popote kwenye risiti kwamba wanachangia kiwanda cha mwingine.

Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoondoa kikomo cha magari 200,000 na kuweka mipaka mingine. Gari liwe limeunganishwa Amerika Kaskazini. Bei yake isizidi dola 55,000 likiwa gari dogo, au dola 80,000 likiwa SUV au pikapu. Hapo ndipo mtu aliweza kuuona mkono wa sheria kwenye bei kwa macho yake. Wizara ya Fedha iliamua kwamba Model Y ya Tesla yenye viti vitano si SUV, kwa hiyo mpaka wake ni dola 55,000. Katikati ya Januari 2023 Tesla iliishusha Model Y ya masafa marefu kutoka dola 65,990 hadi dola 52,990. Punguzo la dola 13,000, usiku mmoja. Februari 3 Wizara ikabadili uainishaji na kuihesabu Model Y kuwa SUV. Mara moja bei ikapanda, hadi dola 54,990. Betri ilikuwa ile ile, kiwanda kile kile, wafanyakazi wale wale. Ni kweli kwamba ushindani na mahitaji yaliyopungua vilisukuma punguzo lile pia, lakini pale bei iliposimama palichaguliwa na sheria.

China ilikuwa imeshuhudia jambo hilo hilo. Aprili 2020 serikali yake ilitangaza kwamba ruzuku haitatolewa tena kwa gari linalozidi yuan 300,000. Model 3 ya Tesla iliyotengenezwa Shanghai ilikuwa inauzwa yuan 323,800 kabla ya ruzuku. Siku chache baadaye ikawa yuan 291,800. Ruzuku za China kwa wanunuzi, zilizoanza mwaka 2009, zilipunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba iliyojulikana hadi zikakoma mwisho wa 2022, na kampuni kama BYD zilipata muda wa kushusha gharama za betri kabla fedha hazijakauka. Kwangu hilo la muda ndilo lililoamua mengi kuliko ukubwa wa fedha zenyewe.

Maana Ujerumani ilifanya kinyume, na matokeo yalionekana haraka. Novemba 2023 mahakama yake ya katiba ilibatilisha uhamishaji wa euro bilioni 60 kwenda mfuko wa tabianchi. Serikali ikabaki na pengo, na Jumamosi ya Desemba 16 ikatangaza kwamba maombi ya ruzuku ya magari ya umeme yatapokelewa hadi kesho yake tu. Walikuwepo watu waliokwisha kuagiza magari na kuweka hesabu ya ruzuku ndani ya bajeti zao za nyumbani. Baadhi ya watengenezaji, Volkswagen na Tesla wakiwemo, walijitolea kufidia kwa muda kutoka mifukoni mwao. Mwaka 2024 usajili wa magari ya umeme Ujerumani ulianguka kwa zaidi ya robo. Serikali ina haki ya kuacha kutoa ruzuku. Kumwachia mwananchi siku moja ni kumdhulumu, na ni kumfundisha asiiamini ahadi ijayo.

Marekani nayo ikageuka mwaka 2025. Katika robo ya kwanza faida ya Tesla ilikuwa dola milioni 409 na mauzo ya alama dola milioni 595, hesabu ile ile ya 2013 ikiwa na tarakimu kubwa zaidi. Juni, Rais Donald Trump alitia saini azimio la kuifutia California ruhusa ya kuamuru magari yasiyo na moshi. Julai 4 akasaini sheria iliyokomesha nafuu ya dola 7,500 ifikapo Septemba 30, na kuifanya faini ya serikali kuu kwa magari yanayokunywa mafuta mengi kuwa sifuri. Faini hiyo nayo ilikwepwa kwa kununua alama; ikiwa sifuri, nani atazinunua? Mwaka mmoja kabla, mkuu wa Tesla, Elon Musk, mwenyewe alikuwa ametaka ruzuku ziondolewe, akisema Tesla itanufaika.

Wanunuzi walikimbilia tarehe ya mwisho, na Tesla ikakabidhi magari 497,099 duniani katika robo iliyoishia siku hiyo, idadi ambayo haikuwa imewahi kuifikia. Robo iliyofuata yalikuwa 418,227. Oktoba ilitoa Model Y iliyopunguzwa vikorombwezo kwa dola 39,990. Aliyenunua Model Y ya bei nafuu kuliko zote wiki moja kabla alilipa dola 44,990, na baada ya nafuu ya kodi gari likamgharimu dola 37,490. Gari la bei ya chini likawa ghali zaidi, na lina vitu vichache. General Motors iliandika hasara ya dola bilioni 1.6 kwa sababu ya mabadiliko hayo. Desemba, Ford ilitangaza kwamba kupunguza mipango yake ya magari ya umeme kutaigharimu dola bilioni 19.5, na ikaachana na pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, iliyokuwa imeitangaza kwa fahari kubwa.

Huku kwetu Afrika mkono huo wa serikali umeshaanza kuandika bei, ingawa viwanda vingi viko mbali. Rwanda iliondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa forodha kwa magari ya umeme mwaka 2021, pamoja na betri na vipuri vyake, na ikaruhusu vituo vya kuchaji vilipie umeme kwa bei ya viwanda. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: Januari 2024 ilitangaza kwamba magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi hayataingia tena nchini. Gari la umeme likifika likiwa zima, ushuru wa forodha ni asilimia 15. Likifika limeunganishwa nusu, asilimia 5. Likifika vipande vipande, halitozwi kitu. Mtengenezaji aliyeko China anayetaka kuuza Addis Ababa anaanza hesabu yake na viwango hivyo vitatu, kisha ndipo anapoamua afungue karakana ya kuunganisha huko au apakie magari mazima melini.