Homer wa Kusikia: O Brother, Where Art Thou? na Deni la Fanani

Mwaka 2000 ndugu wawili Wamarekani, Joel na Ethan Coen, walitoa filamu ya vichekesho iitwayo O Brother, Where Art Thou? Mwanzoni pameandikwa kwamba imetokana na Odyssey ya Homer. Walipoulizwa, wakajibu ati utenzi wenyewe hawakuusoma. Kisa walikijua kwa kusikia tu, kama wengi wetu. Kwa mhakiki aliyelelewa maktabani, huku ni kujiumbua. Makala haya yanadai kinyume: hapo ndipo filamu ilipomkaribia Homer zaidi.

Hebu tukikumbuke kisa. Ni Mississippi, mwaka 1937. Wafungwa watatu wa mnyororo mmoja wanatoroka. Kiongozi wao, Ulysses Everett McGill, mwenye maneno mengi na asiyetengana na mafuta yake ya nywele, anataka kufika nyumbani kabla mkewe Penny hajaolewa na mwingine. Njiani wanakutana na mtabiri kipofu, wanawake waimbao mtoni, na jitu la jicho moja ambalo hapa ni muuza Biblia. Pesa zikikosekana, wanaingia kituo cha redio kuimba pamoja na mpiga gitaa waliyemwokota barabarani. Mwenye kituo haoni, tena analipa kwa kichwa. Basi wanne wanajihesabu sita.

Mzaha huo una historia nyuma yake. Kati ya 1933 na 1935 Milman Parry, mwalimu wa Harvard, alizunguka Yugoslavia akirekodi mafanani wa tenzi, wengi wao wasiojua kusoma. Mwanafunzi wake, Albert Lord, akaeleza matokeo katika The Singer of Tales (1960): fanani hakariri neno kwa neno, hutunga upya kila aimbapo, kwa mafungu ya maneno aliyorithi. Kwa mtazamo huo, Odyssey ilikuwa mali ya wasikilizaji kabla haijawa ya wasomaji. Akina Coen wamekaa palepale penye msikilizaji.

Muziki wa filamu nao umepita njia hiyo hiyo. Wimbo mkuu, Man of Constant Sorrow, ulichapishwa mnamo 1913 na Dick Burnett, mpiga fidla kipofu wa Kentucky. Uzeeni alipoulizwa kama aliutunga yeye, hakuwa na hakika. Pengine aliupata kwa mtu. (Mwaka huo huo Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo, ambao shujaa wake naye anakata pingu huku ngoma ikilia. Sadfa tu, lakini inapendeza.) Stanley Brothers wakaurekodi mwaka 1950 kwa ladha yao. Katika filamu George Clooney anafumbua mdomo tu. Sauti ni ya Dan Tyminski.

Sasa hapa ndipo penye kasheshe. Wimbo ukiwa wa wote, alipwe nani? Filamu inafunguliwa na sauti za wafungwa wakiimba kazini, na sauti hizo si za waigizaji. Alan Lomax alizirekodi mwaka 1959 katika gereza la jimbo la Mississippi. Aliyeongoza wimbo ni James Carter. Albamu ya filamu iliuzwa mamilioni ya nakala, na mwaka 2002 ikatwaa Grammy ya albamu ya mwaka. Carter akatafutwa, akapatikana Chicago, akakabidhiwa hundi ya dola 20,000. Alikuwa amekwishasahau hata kuuimba.

Alipatikana kwa sababu moja: Lomax aliandika jina. Sisi tunaokwenda vijijini wakati wa likizo na kinasa sauti, tukirudi na ngano za kujazia tasnifu, tumeandika majina ya wangapi? Redioni wanne walilipwa kama sita. Gerezani waliimba kundi zima, na kwenye albamu waliomwitikia Carter wametajwa kwa neno moja tu: wafungwa.