Helikopta za jirani: robo karne tangu gharika ya Limpopo

Machi 1, 2025 binti mmoja wa upande wa Chibuto, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, alitimiza miaka 25. Jina lake Rosita, na siku aliyozaliwa ilitazamwa na dunia nzima. Mama yake alikuwa amepanda mti tangu Jumapili, maji ya mto Limpopo yakipita chini ya miguu yake. Jumatano uchungu ukamshika hukohuko juu. Helikopta ikafika, tabibu wa jeshi akateremshwa kwa kamba, akamkata mtoto kitovu katikati ya matawi, kisha mama na mwana wakavutwa juu kwa winchi huku kamera za televisheni zikitazama.

Picha hiyo hurudishwa magazetini kila mwaka. Ukimuuliza mtu helikopta ilikuwa ya nani, atakujibu bila kusita kwamba ilikuwa ya Wazungu wa Umoja wa Mataifa. Sivyo. Ilikuwa ya Jeshi la Anga la Afrika Kusini, na kwa mtu wa Maputo mwenye kumbukumbu, jeshi hilo lilikuwa na sura nyingine kabisa.

Mei 20, 1983 bomu la wapiganaji wa ANC lililipuka ndani ya gari katika mtaa wa Church, Pretoria, nje ya jengo lenye ofisi za makao makuu ya jeshi hilo. Watu 19 walikufa. Siku tatu baadaye, asubuhi ya Mei 23, ndege za Afrika Kusini zilivuka mpaka na kuishambulia Matola, kitongoji cha Maputo. Makaburu waliotawala Afrika Kusini walisema wamepiga ngome za magaidi. Msumbiji ilionyesha kiwanda cha jemu kilichopigwa, wafanyakazi wake waliouawa na nyumba za raia zilizotobolewa. Mwaka uliofuata Rais Samora Machel wa Msumbiji alitia saini mkataba wa Nkomati na P. W. Botha wa Afrika Kusini, ahadi ya kutochokozana, lakini waasi wa Renamo waliendelea kupata msaada kutoka ng'ambo ya mpaka. Oktoba 1986 Samora mwenyewe alikufa ndege yake ilipoanguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 2000, akisikia mngurumo angani kutoka magharibi, alikuwa na haki ya kutafuta pa kujificha. Safari hii watu walivua mashati na kuyapunga.

Lililobadilika katikati linajulikana. Amani ya Msumbiji ilitiwa saini Roma mwaka 1992, uchaguzi wa Afrika Kusini ukafanyika 1994, majeshi yaliyopigana yakaunganishwa kuwa moja. Mwaka 1998 Nelson Mandela akamwoa Graça, mjane wa Samora, mzaliwa wa Gaza. Adui wa jana akawa mkwe, na mkwe haiti msaada mara mbili.

Mvua zilianza mapema Februari 2000. Vitongoji vya Maputo vilizama kwanza, na helikopta za Afrika Kusini zilikuwa zimeshafika kabla ya katikati ya mwezi. Februari 22 kimbunga Eline kikatua karibu na Beira na kusukuma mvua yake hadi Zimbabwe na kaskazini mwa Afrika Kusini. Maji yote yale yana njia moja ya kurudi baharini, nayo ni Msumbiji. Mito ya Limpopo na Save ilifurika kwa kiasi ambacho wazee hawakuwahi kukiona. Usiku wa kuamkia Februari 27 maji yaliingia Chókwè. Mji huo uko bondeni, jirani na Chilembene, kijiji alikozaliwa Samora. Msomaji wa Dar es Salaam anayepita kila siku Barabara ya Samora ajue kwamba nyumbani kwa mwenye jina lile ndiko kulikokuwa katikati ya maji.

Sasa tuingie ndani ya helikopta. Nyingi zilizofanya kazi kubwa zilikuwa aina ya Oryx, zilizoundwa Afrika Kusini kwa kufuata ramani ya Puma ya Wafaransa wakati nchi hiyo ilipowekewa vikwazo vya silaha. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita vya ubaguzi wa rangi kilikuja kupakia akina mama wa Gaza. Kwa hesabu ya jeshi Oryx hubeba askari wapatao 20. Lakini watu walioshinda siku tatu juu ya mti hawana mabegi wala bunduki, na nusu yao ni watoto, kwa hiyo marubani walipakia mpaka sakafu ikajaa, mtu akimpakata mtu.

Kuokoa mtu juu ya paa kwa helikopta si kazi ya kushuka tu na kumchukua. Upepo wa mapanga unaweza kuling'oa bati pamoja na aliyekalia, na ukimkuta mtu mtini amechoka, unamdondosha majini. Rubani hulazimika kuning'iniza chombo juu mbali kidogo na kutegemea kamba, huku mhandisi aliyelala mlangoni akimwongoza kwa maneno: kushoto kidogo, shuka, simama. Kila mvuto wa winchi hula dakika, na kila dakika hula mafuta. Kisha inakuja kazi isiyofundishwa chuo chochote, nayo ni kuchagua. Paa lina watu 30, nafasi ni za 20, jua linazama, na helikopta zile hazikuwa za kuokoa watu gizani. Watoto huanza, na mama zao. Baba hubaki na kuku wake akiambiwa kwa ishara ya mkono kwamba watarudi. Mara nyingine walirudi wakakuta paa lenyewe halipo.

Katika siku zile mbaya kuliko zote, kuanzia Februari 27, helikopta za Afrika Kusini hazikutimia 10. Malawi, nchi ambayo mfuko wake tunaujua sote, ilileta zake pia, zikafanya kazi upande wa katikati ya Msumbiji. Kwa siku kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa anga yote ya uokoaji: Afrika Kusini na Malawi. Hadi operesheni inafungwa, marubani wa Afrika Kusini walikuwa wametoa watu zaidi ya 14,000 kwenye miti, mapaa na vichuguu.

Na wenye uwezo walikuwa wapi? Hapa ndipo penye kisa ambacho hakisimuliwi sana Kiswahili, ingawa kimeandikwa vizuri katika ripoti ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokaa mwaka huohuo kuchunguza jambo hili. Walikuwa wakigombania ankara.

Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza alikuwa Clare Short, mama mwenye ulimi usiozungushwa. Idara yake ilikuwa imeshatoa fedha za kuziwezesha helikopta za Afrika Kusini kuendelea kuruka, maana saa moja ya helikopta ni ghali na Pretoria ilishasema kasma yake inaisha. Maji yalipopanda na picha za mapaa kufika sebuleni London, wananchi wakauliza helikopta za Malkia ziko wapi. Zilikuwepo, ila Wizara ya Ulinzi ilitaka kulipwa. Kwa utaratibu wa serikali ile, jeshi likifanya kazi isiyo ya ulinzi, idara iliyoomba ndiyo inayobeba gharama. Wizara ikapiga hesabu ya kupeleka helikopta nne aina ya Puma, na hesabu hiyo ikazidi pauni milioni 2. Short akaja juu. Aliona bei ile haishikiki, na kwamba fedha hizohizo zingekodi helikopta nyingi zaidi zilizo karibu na tukio. Wanajeshi wakaona wanachafuliwa jina. Magazeti yakashangilia ugomvi.

Ukisoma shauri lile leo unagundua kwamba kila upande ulikuwa na hoja. Short alikuwa sahihi kwamba helikopta iliyoko Hoedspruit, ng'ambo tu ya mpaka, ina thamani kuliko iliyoko Uingereza, ambayo lazima ifunguliwe mapanga, ipakiwe ndani ya ndege kubwa, isafirishwe, iunganishwe tena na kujaribiwa. Jeshi nalo lilikuwa sahihi kwamba halikutunga kanuni za hazina. Lakini mtu aliye juu ya mti huko Chibuto hakuwa na kiti katika kikao hicho. Serikali moja, mfuko mmoja wa walipa kodi, wizara mbili zinatumiana ankara. Sisi tungefanya hivyo, tungeandikiwa vitabu juu ya utawala mbovu wa Kiafrika.

Puma nne zilikwenda mwishowe, ikafuata meli ya Fort George na helikopta zake za Sea King. Wamarekani wakaja na ndege za C-130 na helikopta, Wajerumani, Wafaransa na Wahispania nao wakafika. Uwanja wa Maputo ulijaa vyuma kiasi kwamba Leonardo Simão, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa akisimamia uratibu, alikuwa na kazi ya kuwapangia wageni zamu. Wengi wao walitua kuanzia wiki ya kwanza ya Machi, na watu wengi walioweza kuokolewa walikuwa wameshaokolewa. Kazi iliyobaki ilikuwa kusambaza unga, dawa na mahema katika kambi zilizozingirwa na maji. Si kazi ndogo, maana maji yakikaa huja kipindupindu na malaria, na barabara kuu ya kwenda kaskazini ilikuwa imekatika. Marubani waliokuja hawana lawama, kwani rubani huruka anapoamriwa.

Rais wa Msumbiji wakati huo alikuwa Joaquim Chissano, mzee anayekijua Kiswahili vizuri kwa sababu ya miaka yake ya ukombozi Dar es Salaam. Ndiye aliyewashangaza wakuu wenzake mwaka 2004 alipohutubia Umoja wa Afrika kwa lugha hii. Alitembeza bakuli la nchi yake hadharani, akaomba misaada na akaomba madeni yafutwe, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa ikilipa madeni huku inazama.

Kuna hesabu moja ambayo hata Waafrika Kusini huisahau wanapojipongeza. Frances Christie na Joseph Hanlon, walioandika kitabu juu ya gharika ile mwaka 2001, walikusanya takwimu za waliookolewa. Jumla ni zaidi ya watu 45,000, na waliotolewa kwa ndege, ukijumlisha za nchi zote, ni karibu theluthi moja tu. Wengine wote walitolewa kwa boti na mitumbwi, na waliopiga makasia walikuwa Wamsumbiji wenyewe: askari wa majini, watu wa Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo, wavuvi na wenye boti zao binafsi. Mwandishi huyu, ambaye naye ameshatumia nusu ya makala juu ya helikopta, anakiri kosa. Mtumbwi haupigwi picha nzuri. Hauna mngurumo, hauna kamba ya kuteremsha tabibu, na kamera haikuwamo ndani yake bali ndani ya helikopta.

Waliokufa walikuwa wapatao 700. Wataalamu wa maafa wanaona idadi hiyo kuwa ndogo ukilinganisha na ukubwa wa maji, na wanasema ni kwa sababu watu walihamishana mapema na kuokoana.

Gharika hazikuishia hapo. Chókwè ilizama tena Januari 2013. Usiku wa Machi 14 kuamkia 15, mwaka 2019, kimbunga Idai kikaipiga Beira, na katika nchi tatu watu zaidi ya 1,000 wakapoteza maisha. Safari hiyo ndege ya jeshi la Tanzania, JWTZ, ilipakia chakula na dawa pale Dar es Salaam, na Wahindi, waliokuwa na meli za kijeshi karibu, walitia nanga mapema. Mwaka 2023 kilipokuja kimbunga Freddy, helikopta za JWTZ zilikwenda Malawi, nchi ileile iliyotuma zake Msumbiji mwaka 2000.

Za Afrika Kusini, zile Oryx, zimezeeka. Nyingi zimelala chini ya mapaa ya karakana zikisubiri vipuri na fedha. Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, imeweka kituo chake cha dharura Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, lakini helikopta bado ni za nchi mojamoja, na saa ya kuruka bado ina mtu anayepaswa kuilipia. Mwaka 2019, maji ya Idai yalipoufunika mji wa Buzi, mashua za wavuvi zilipakia watu na kuwavusha hadi Beira, zikawateremsha ufukweni na kugeuza kurudi kwa mzigo mwingine.