Ubatizo Haufuti Ukoo



Katika jubilei hii tumefungua tena vitabu vya ubatizo vya paroki yetu. Humo tumesoma jina la mutakatifu na jina la ukoo, yameandikwa kwa mustari mumoja. Mwaka wa 1972 Serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristu, ikisema ni ya kigeni, nao wazee wetu walihuzunika. Hata leo wakatekumeni hutuuliza sisi wakatekista: je, anayebatizwa huwakana mababu yake? Tunawajibu kwa habari za Muyuda mumoja.

Aron Lustiger alizaliwa Paris, katika Ufaransa, tarehe 17 Septemba 1926. Wazazi wake, Wayuda waliotoka Polandi, walimupa jina la babu yake. Wakati wa vita alikaa katika muji wa Orléans, na huko akabatizwa mwezi wa Agosti 1940. Alipokea jina Jean-Marie, lakini hakulitupa jina Aron. Wazazi walisikia uchungu mukubwa. Mwaka wa 1943 mama yake aliuawa Auschwitz, kwa sababu tu alikuwa Muyuda.

Mutoto yule akawa padri mwaka wa 1954, Askofu Mukuu wa Paris mwaka wa 1981, na Kardinali mwaka wa 1983. Hakuacha kusema kwamba angali Muyuda, kama Mitume walivyokuwa. Wayuda wengi hawakukubali. Mwaka wa 1995 Rabi Mukuu Yisrael Meir Lau alimushitaki kwamba amelisaliti taifa lake. Tusikifiche kidonda hicho, kwa maana wakristu waliwatesa Wayuda muda murefu, hata kuwabatiza kwa nguvu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko Nostra Aetate, ulikumbusha kwamba Mitume, na Kristu mwenyewe kwa mwili, Mwana wa Bikira Maria, walizaliwa katika taifa hilo.

Kardinali alifariki tarehe 5 Agosti 2007. Siku ya maziko, mbele ya milango ya Notre-Dame, udongo wa Nchi Takatifu uliwekwa juu ya sanduku lake, na jamaa yake mumoja akasali Kaddish, sala ya Wayuda kwa ajili ya wafu. Kisha sanduku likaingizwa kanisani kwa Misa.

Basi, wandugu, hakuna anayekuja kwa Mungu bila ukoo. Tunapoandika jina jipya kitabuni, tusilifute lile la mababu. Na tukisikia Wayuda wakidharauliwa, tukumbuke kwamba ndio ukoo wa Bwana wetu.